NYUMBA NA JAMAA: Friji nayo yataka kupumua



Siku hizi katika miji yetu, kama Lubumbashi na Kolwezi, Bukavu, Goma na Kisangani, jamaa nyingi zinatengeneza upya mahali pao pa kupikia. Ukuta wa zamani uliojaa masizi wabomolewa, vigae ambavyo mafundi huviita karo vyawekwa sakafuni, kabati zatundikwa ukutani, na meza ya saruji yajengwa penye dirisha. Kazi hiyo ni njema, nasi twaisifu. Lakini mara nyingi kitu kimoja hukumbukwa mwisho, nacho ndicho kilichonunuliwa kwa fedha nyingi kupita vyote vilivyomo jikoni. Kitu hicho ni friji.

Fundi hupanga mahali pa jiko, hupanga beseni la kuoshea vyombo, hupanga kabati. Halafu huitazama friji, akasema: «Hii tutaipachika pale pembeni.» Basi hupachikwa kati ya ukuta na kabati, na juu yake kabati nyingine, hata haionekani ila mlango wake. Wageni wakija husifu: «Kumbe, imeenea kama kidole katika pete!»

Friji iliyoenea hivyo imefungwa gerezani, na kifungo chake hulipwa na mwenye nyumba. Neno letu la juma hili ni hili: nafasi tupu inayoizunguka friji si mahali palipopotea bure. Ni sehemu ya friji yenyewe, nayo yapasa kupimwa kabla fundi hajaweka tofali la kwanza.

Friji haitengenezi baridi

Watu wengi hufikiri ya kuwa ndani ya friji mna mashini itengenezayo baridi, kama vile jiko litengenezavyo moto. Sivyo. Kazi ya friji ni kuchukua joto lililomo ndani, katika maji, katika nyama, katika maziwa, na kulitoa nje.

Hufanyaje? Ndani ya mirija yake mna gesi. Kompresa, ile mashini ndogo nyeusi iliyoko nyuma kwa chini, huikandamiza gesi hiyo, nayo gesi ikikandamizwa hupata moto. Yeyote aliyekwisha kujaza upepo katika gurudumu la baiskeli ameisikia pampu ikipata moto mkononi. Gesi hiyo hupita katika mirija mirefu iliyoko nyuma ya friji au iliyofichwa katika mbavu zake. Hapo joto lake hutoka na kuingia katika hewa ya jikoni, na gesi hugeuka kuwa kama maji. Kisha hupenya katika mrija mwembamba sana, ikatokea upande wa ndani penye nafasi, ikageuka tena kuwa gesi. Na katika kugeuka hivyo hunyonya joto la vitu vilivyomo. Ndipo hurudi kwenye kompresa, na safari huanza upya.

Basi joto linalotoka nje ni la namna mbili: lile lililotolewa katika chakula, pamoja na lile la kazi ya kompresa. Ndiyo maana mtu aachaye mlango wa friji wazi kusudi jikoni kupoe hujidanganya. Mwisho wake jikoni kutazidi kuwa na joto.

Tufikiri mvuvi wa ziwa Kivu ambaye mtumbwi wake wavuja. Maji huingia kidogo kidogo, naye huyateka kwa kata, akayamwaga ziwani, na mtumbwi waendelea kuelea. Lakini akiyateka na kuyamwaga mle mle mtumbwini, atachoka bure, na mwisho atazama. Hivyo ndivyo ilivyo friji iliyobanwa. Joto huingia daima kupitia kuta zake na kila mara mlango unapofunguliwa. Kompresa hulitoa. Lakini hewa iliyoko nyuma haina pa kupitia, nayo huzidi kupata moto, na mirija haiwezi kuutua mzigo wake. Basi kompresa, badala ya kufanya kazi kwa muda na kupumzika kwa muda, huzunguka mchana kutwa na usiku kucha. Mita ya umeme huhesabu. Maziwa hayapoi vema. Na siku moja, katika joto la mwezi wa Oktoba, mashini hunyamaza.

Zamani moto ulionekana

Kwa wazee wetu jambo hili halikuhitaji maelezo mengi. Wengine wangali wakikumbuka friji za mafuta ya taa zilizotumiwa katika misheni na zahanati za mbali ambako umeme haukufika. Asili yake ni kazi ya Waswidi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters, ambao mwaka 1922, wangali wanafunzi mjini Stockholm, walivumbua friji isiyo na kompresa, iwezayo kuendeshwa na moto. Chini taa iliwaka, nyuma bomba la moshi lilipanda. Nani angethubutu kukibana kabatini chombo chenye moto uwakao?

Hata friji ya umeme iliyouzwa na General Electric huko Marekani tangu mwaka 1927, ile iliyoitwa Monitor Top, ilibeba mashini na mirija yake juu ya kichwa, kama kofia ya duara. Kila mtu aliona mahali joto linapotokea. Baadaye watengenezaji waliihamishia mirija nyuma, ikaonekana kama wavu mweusi. Na siku hizi, katika friji nyingi, imefichwa ndani ya mbavu za kushoto na kulia, na mgongo umekuwa laini. Mnunuzi hutazama, haoni kitu, adhani hakuna joto. Lakini aweke kiganja ubavuni wakati kompresa inapofanya kazi, atalisikia. Si ugonjwa wa friji, ndivyo ilivyoumbwa. Ila yamfundisha kwamba friji ya namna hiyo huhitaji hewa mbavuni, si nyuma tu.

Picha hudanganya

Kosa la kubana friji mara nyingi hutoka katika picha. Twaona katika magazeti na katika simu majiko ya Ulaya ambamo friji haionekani kabisa: mlango wake ni ubao sawa na milango ya kabati. Mwenye nyumba humwonyesha fundi picha hiyo, akamwambia: «Nataka kama hii.»

Afahamu kwamba ile ni jamii nyingine ya friji. Imetengenezwa tangu kiwandani ikae ndani ya kabati. Hewa huingia kwa chini penye msingi wa kabati, hupanda nyuma, hutokea juu. Na kitabu chake husema njia hiyo ya hewa iwe na ukubwa gani, mara nyingi si chini ya sentimetri mraba 200. Friji ambayo wengi wetu twanunua ni ile ya kusimama peke yake. Ukiitia katika kabati la picha ile, umeiga sura, ukaacha njia ya hewa isiyoonekana katika picha.

Tuhesabu pamoja

Je, yatakiwa nafasi kiasi gani? Jibu la kwanza ni kitabu kinachokuja pamoja na friji. Vitabu hivyo havisemi namna moja. Kimoja hutaka sentimetri 5 kila ubavu, kingine 10. Nyuma mara nyingi 5 au 10. Juu 10, na pengine hata 30. Neno la kitabu chako ndilo la kufuatwa. Kama kitabu kimepotea, au friji ilinunuliwa kwa mtu mwingine, afadhali kuzidisha kuliko kupunguza.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme ni jamaa moja ya Lubumbashi. Baba ni mwalimu. Mama huuza maji baridi na maji ya matunda kwa wapita njia, na faida yake ndiyo inayolipa ada ya shule ya watoto. Friji yao ina upana wa sentimetri 60, kina cha 65, na urefu wa 170. Kitabu chake chataka 5 kila ubavu, 10 nyuma, 30 juu. Fundi amekuja kujenga kijumba cha friji kati ya kuta mbili.

«Mzee,» asema fundi, «friji yenu ina upana gani?»

«Sentimetri 60.»

«Basi nitaacha 70. Mtakuwa na 5 huku na 5 huku. Hesabu imetimia.»

Baba akubali. Lakini mama auliza: «Baba watoto, hiyo 70 ni ya matofali matupu, au ni ya ukuta uliokwisha kupakwa lipu na kuwekwa vigae?»

Fundi na baba wanyamaza, maana swali hilo ndilo penye shauri lote. Lipu ya saruji hula karibu sentimetri 2 kila upande. Vigae pamoja na gundi yake hula 1 nyingine. Jumla ni 3 upande mmoja, na 6 pande zote mbili. Ile 70 ya matofali itakuwa 64 siku ya kuhamia. Friji ya 60 itabakiwa na 2 huku na 2 huku, wala si 5. Hesabu iliyotimia penseli ikiwa mkononi haikutimia ukutani. Ili zibaki 70 za kweli, yampasa fundi kuacha 76 kati ya matofali.

Kwa juu ni vivyo hivyo. Friji ya 170 pamoja na 30 za hewa yafanya metre 2. Lakini metre 2 hizo zihesabiwe toka juu ya vigae vya sakafu. Chokaa na vigae vikiinua sakafu kwa sentimetri 3, na kabati la juu likiwa limekwisha kutundikwa, hewa imepunguka 3. Kwa hiyo sakafu kwanza, kabati baadaye.

Na kwa nyuma? Kina cha 65 pamoja na hewa ya 10 ni 75. Meza ya kupikia kwa desturi ina kina cha 60. Friji basi itatokeza mbele ya meza sentimetri 15. Mafundi wengi hawapendi kuona hivyo. Husukuma friji nyuma mpaka ilingane na meza, na mgongo wake wagusa ukuta. Ndugu fundi, iache itokeze! Jicho litazoea kwa siku tatu, lakini kompresa haitazoea kamwe.

Mlango nao wataka njia yake

Hewa si yote. Friji hufunguliwa mara nyingi kila siku, na mlango wahitaji mahali pa kuzungukia. Katika mfano wetu, toka ukuta wa nyuma kuna 10 za hewa na 65 za friji; tena mlango uliofunguliwa hufika karibu 60 zaidi. Jumla ni 135. Jikoni kukiwa na upana wa metre 2, zimebaki 65, zinazomtosha mtu kusimama na kuinama. Lakini ukuta wa mbele ukiwa na meza ya kina cha 60, zimebaki 5 tu. Hapo mama atafungua mlango nusu, atatia mkono kwa ubavu, na sahani ya samaki itaanguka. Afadhali friji ihamishwe mwisho wa meza.

Jambo la pili ni bawaba. Friji ikisimama karibu na ukuta upande wa bawaba, mlango waweza kufunguka mpaka pembe mraba na kukwama hapo. Mtu asema: «Yatosha, nautoa mtungi wa maji.» Ni kweli, lakini droo za mboga zilizoko chini mara nyingi hazitoki mpaka mlango upite pembe mraba. Siku ya kuosha friji ndipo atakapojua. Kwa hiyo upande wa bawaba huenda ukahitaji nafasi kubwa kuliko ile ya hewa, hasa kama mlango una mshikio mnene. Jaribu friji ingali mbali na ukuta: fungua mlango, vuta droo zote, kisha upime mlango umefika wapi. Tena friji nyingi zaweza kuhamishiwa bawaba upande mwingine. Uliza kabla ya kununua.

Jambo la tatu: upande wa kufungulia pawe na mahali pa kutua vitu, kama sentimetri 40 za meza. Asiyekuwa na mahali pa kutua sufuria huacha mlango wazi huku akitafuta, na joto laingia.

La nne, ambalo huchekesha watu wasiopatwa nalo: pima pia mlango wa nyumba na ujia wa kuingilia. Kijumba kizuri chafaa nini, ikiwa friji haiwezi kupita mlangoni?

Majirani wa friji

Angalia pia friji imekaa karibu na nani. Vitabu vingi vya watengenezaji husema: jiko la umeme au la gesi liwe mbali nayo kwa sentimetri 3 angalau, lakini jiko la makaa, la kuni au la mafuta liwe mbali kwa sentimetri 30. Kwetu, ambako mbabula huwashwa kila jioni, tusiridhike na 30 hizo. Mbabula wazi hutoa joto na majivu pande zote, na mahali pake ni nje au penye upepo. Friji isikae pia mahali jua la mchana linapoingia kwa dirisha.

Tundu la umeme, yaani prizi, lisiwe nyuma kabisa ya mgongo wa friji. Plagi ina unene, nayo huizuia friji kukaa vema, au hubanwa mpaka waya ukavunjika. Liwe ubavuni au juu kidogo, mahali mkono unapofika upesi siku ya hatari. Kile chombo kidogo cha kuilinda friji na umeme unaopanda na kushuka, ambacho mafundi hukiita stabilizateri, nacho hupata moto. Kiwekwe ukutani penye hewa, si kutupwa nyuma ya kompresa.

Sakafu iwe imara na sawa. Miguu ya mbele huzungushwa kidogo, friji iegemee nyuma kiasi kidogo tu, mlango upate kujifunga wenyewe.

Soma kibandiko

Ndani ya friji, mara nyingi ubavuni karibu na droo za mboga, mna kibandiko chenye maandishi madogo. Wengi hawakisomi. Hapo tafuta herufi SN, N, ST au T. Herufi hizo zaeleza hewa ya jikoni ambayo friji ilitengenezwa kuivumilia. SN ni toka digrii 10 mpaka 32. N ni toka 16 mpaka 32. ST ni toka 16 mpaka 38. T ni toka 16 mpaka 43. Friji kuukuu zinazotoka Ulaya huweza kuwa za N au SN. Jikoni Kisangani, au Lubumbashi kabla ya mvua, sufuria zikichemka, digrii 32 hupitwa kwa urahisi. Tena hewa inayohesabiwa ni ile inayoigusa friji. Ukiibana, jikoni kwaweza kuwa na digrii 30, na nyuma ya friji kukawa na 40 au zaidi. Hivyo hata friji ya T umeinyang'anya nguvu uliyoinunua.

Tazama pia jina la gesi. Friji nyingi za siku hizi zina R600a, yaani isobutani. Ni gesi nzuri kwa kazi hiyo, lakini huweza kuwaka. Imo kidogo tu, nayo haitoki isipokuwa mrija umetobolewa. Kwa hiyo usichokonoe barafu kwa kisu. Kanuni ya watengenezaji ni hii: kwa kila gramu 8 za gesi, chumba kiwe na metre moja ya ujazo. Gramu 56 zataka metre 7 za ujazo. Jiko la metre 2 kwa 2, lenye kimo cha metre 2 na nusu, lina 10: latosha. Lakini ghala dogo la metre moja kwa moja lina 2 na nusu tu: halitoshi. Friji isifungiwe humo.

Kama imekwisha kubanwa

Msomaji mmoja atasema: «Kwangu jengo limekwisha, fundi amelipwa, amekwenda.» Asikate tamaa. Ayafanye haya kwa utaratibu.

Kwanza, aivute friji mbele mpaka nyuma pawe na nafasi ya mkono. Pili, kabati la juu liondolewe, au likatwe nyuma yake hewa ipate kupanda. Tatu, kama ubavu mmoja ni ubao wa kabati na wala si ukuta, ubao huo wote waweza kutolewa. Nne, aondoe kila kitu kilichowekwa kati ya friji na ukuta: mifuko, sinia, ufagio. Tano, aondoe vitambaa. Twajua akina mama hupenda kuipamba friji kwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, nacho huning'inia mbavuni. Kitambaa hicho ni kizuri, ila kwa friji ambayo mirija yake imo mbavuni ni kama koti la baridi alilovikwa mtu aliyetoka shambani saa saba mchana. Kikae mezani, kitaonekana vizuri zaidi.

Tena, mara mbili kwa mwaka, achomoe plagi, asafishe mirija ya nyuma kwa brashi laini. Vumbi na masizi huifunika mirija kama blanketi. Hilo nalo ndilo jambo jingine linalotaka nafasi: friji isiyoweza kuvutwa haisafishwi kamwe.

Hasara yake ni nini?

Labda mwingine auliza kama sentimetri tatu au nne zastahili maneno mengi hivi. Turudie mfano wetu. Friji ya mama yule ikichakaa kabla ya wakati wake, hasara si chombo tu. Maji baridi hayauzwi, na ada ya shule haipatikani. Katika nyumba nyingine hasara ni kubwa zaidi. Mgonjwa wa sukari huweka insulini yake humo, nayo yataka kukaa kati ya digrii 2 na 8 kabla ya kuanza kutumiwa. Maziwa na nyama vyataka digrii 4 au chini yake. Vikikaa katika vuguvugu, tumbo la mtoto hujua kabla ya pua ya mama.

Tena umeme wetu hukatika. Friji iliyopoa vema, mlango usipofunguliwa, hukihifadhi chakula kwa muda wa saa 4 hivi. Friza iliyojaa huhifadhi saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Lakini hesabu hiyo ni ya friji iliyokuwa na baridi ya kutosha umeme ulipokatika. Ile iliyobanwa huanza safari ya giza ikiwa imechoka, na umeme ukirudi kwa muda mfupi haipati nguvu ya kurudisha baridi yake.

Basi, baba mwenye nyumba, kabla fundi hajaja, chukua chaki na kamba ya kupimia. Chora friji sakafuni kwa ukubwa wake. Izungushie mstari wa pili, ndio wa hewa. Chora na njia ya mlango. Ongeza unene wa lipu na vigae ukutani. Halafu mwite yeye apikaye kila siku, apite hapo akiwa na sufuria mkononi, ainame, ageuke, aende mezani. Neno lake lisikilizwe kabla ya neno la fundi. Mstari wa chaki hufutika kwa kitambaa chenye maji, lakini ukuta wa tofali hauondoki ila kwa nyundo na kwa fedha.

Juma lijalo tutasema juu ya bomba la moshi: lipite wapi, na liwe na kimo gani juu ya paa. Kwaherini, wasomaji wapenzi.